Pembe za Mshauri wa Siri

Irmgard Lippold aliwajua watu wa Wenigenrode kwa visogo vyao. Mwoneshe mtu kwa mbele, angesitasita. Mgeuze, angekutajia jina, mtaa anaokaa, na mwaka aliomzika mama yake. Miaka thelathini na moja alikuwa kinyozi wetu, wa wanaume kwa wanawake, katika saluni yenye viti vitatu na draya mbili za kofia: moja nzima, nyingine ikinguruma kama trekta lenye kikohozi. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya kichwa aliijua Irmgard. Alijua nani anapaka rangi na kuapa kwa jina la Mungu kwamba hapaki. Alijua kovu la mwoka mikate, ambalo mwenyewe alidai alilipata vitani, kumbe alianguka kutoka kwenye mti wa cheri wa jirani akiwa anaiba. Alijua yote hayo na hakusema. Katika mji wa watu elfu tatu, ambao kila mmoja ana maoni juu ya mapazia ya mwenzake, mwanamke asiyesema anafaa kujengewa sanamu.

Kilichomtesa ni kwamba nyumba yake nayo ilikuwa imeacha kusema.

Heinz, marehemu mumewe, alikuwa dereva wa lori la mikate na mtu wa makelele. Alipiga mluzi akivaa soksi. Alibishana na redio, na mara nyingi alishinda. Siku moja ya Februari alikaa kwenye ngazi avue viatu, hakuinuka tena. Tangu siku hiyo vyumba vya juu ya saluni vikanyamaza, na Irmgard akajaribu kila dawa. Redio akaiacha ikiongea kutwa. Akanunua saa ya ukutani yenye kengele. Akamwalika dada yake kutoka Gera, ambaye alikaa siku nne na akasema mfululizo siku zote nne, mpaka Irmgard akatambua kwamba alichokikosa si sauti tu. Jumapili ndiyo ilimmaliza. Kwetu Jumapili bila madonge ya viazi si Jumapili, ni Jumatatu iliyowahi kufika. Alipika madonge manne kwa mazoea, akala mawili amesimama karibu na jiko, na mawili akayatazama.

"Sitafuti mume wa kupiga naye picha," alimwambia dada yake kwenye simu. "Nataka mtu wa kumwambia nipe chumvi."

"Si chumvi iko mbele yako?"

"Ndiyo tatizo lenyewe."

Basi Septemba ya mwaka tisini na nne, akiwa na miaka hamsini na saba, alifanya jambo ambalo kama angelisikia kwa mteja angezikwa nalo. Gazeti letu la Jumamosi lilikuwa na kipande kwenye ukurasa wa mwisho, chini kushoto, katikati ya makochi yaliyotumika na watoto wa mbwa. Kiliitwa kwa Kijerumani chetu Heiratsecke, yaani Pembe ya Ndoa. Tamka hairatseke. Humo wapweke walijitangaza kwa mistari mitatu mitatu, bila jina, kwa namba tu. Kila mtu mjini aliisoma Pembe ya Ndoa na hakuna aliyekubali kwamba anaisoma. Ukimkamata, alikuwa anatafuta kochi.

Irmgard aliandika hivi: *Mjane, 57, mikono ya kazi, masikio mazima, anatafuta bwana wa kuongea naye mezani. Awe msafi. Nywele si lazima.*

Mstari huo wa mwisho mwenyewe aliuona ni utani. Kinyozi kutangaza kwamba nywele si lazima ni sawa na muuza nyama kusema wageni wake wale kabichi. Lakini alipokuwa anauandika, vidole vyake vilikuwa vimekumbuka kichwa fulani, na yeye hakuviuliza ni cha nani.

Majibu yalipitia gazetini na kumfikia katika bahasha za kaki. Yalikuja matatu. Wa kwanza aliuliza kama nyumba ni yake au ya kupanga. Wa pili alituma picha ya pikipiki, peke yake, bila mtu. Wa tatu aliandika kurasa nne kwa mwandiko mzuri sana, zote kuhusu mke aliyemwacha. Na aliyezileta bahasha hizo mlangoni, moja baada ya nyingine, alikuwa tarishi wetu, Ottmar Döbel.

"Ya gazeti tena, Bi Lippold," alisema alipoleta ya tatu. "Umekuwa mwandishi wa habari?"

"Ni mambo ya kochi," Irmgard alisema, akafunga mlango kabla uso haujamsaliti.

Ukitaka kumjua Ottmar inabidi uanzie kwenye paji la uso, maana lilikuwa linafika kila mahali kabla yake. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu nywele zilianza kumkimbia pande mbili za paji, kulia na kushoto, zikabakiza kiulimi katikati. Sasa, watu wetu hawawezi kuacha kitu bila jina, na wakishapata jina hufunga jingine nyuma yake, na jingine, kama mabehewa. Sehemu hizo mbili zilizo wazi huitwa Geheimratsecken. Tamka gehaimratseken, taratibu, usimtemee jirani. Ukilifungua behewa kwa behewa: *geheim* ni siri, *Rat* ni mshauri, *Ecken* ni pembe. Pembe za mshauri wa siri. Si pembe za ng'ombe, ingawa wapo wasioona tofauti.

Zamani kila mtawala mwenye ngome na farasi wawili alikuwa na Geheimrat wake, mshauri anayeruhusiwa kubaki chumbani mlango ukishafungwa. Cheo hicho hakikupewa kijana. Mpaka mtu akipate, alikuwa ameshakalia viti miaka arobaini, na nywele zimeshachoka kusubiri. Watu wa mtaani, ambao hawakualikwa chumbani, hawakuujua ushauri wake. Walichokijua ni upara wake akipita kwenye gari la farasi. Wakaupa upara cheo. Baadaye wafalme walifukuzwa na sheria ikafuta vyeo vyote, ila ikasahau vipara.

Aliyemtwika Ottmar jina hilo ni Hanni Trautvetter, aliyekuwa wakati huo binti wa duka la mikate, mwenye mdomo usio na kifuniko. Siku Ottmar alipoleta barua bila kofia, Hanni alipiga goti nyuma ya meza ya mikate.

"Mheshimiwa Mshauri! Leo umetuletea salamu za mfalme au bili ya umeme?"

Duka zima lilicheka. Ottmar naye alicheka, maana alikuwa muungwana. Kesho yake kofia ya posta iliteremka mpaka kwenye nyusi na haikupanda tena kwa miaka thelathini na saba. Aliivua kanisani, makaburini, na kwenye kiti cha kinyozi. Na kwa kuwa huwezi kumchumbia mtu huku umevaa kofia, hakumchumbia mtu. Kisha miguu ya mama yake ikagoma, na Ottmar akawa anambeba kumpandisha na kumshusha ngazi asubuhi na jioni, mpaka alipofikisha miaka hamsini na miwili. Mama alipofariki, Ottmar alikuwa amefika umri ambao shangazi huacha kukuuliza utaoa lini.

Lakini jina lile la utani lilimwachia ugonjwa. Alitaka kujua lilitoka wapi, akanunua kitabu kinene cha mizizi ya maneno kwenye mnada wa vitu vya mwalimu mmoja marehemu, na hakupona. Ukipokea barua, alikupa na asili ya neno moja, bure. Wengi walijifunza kufunga mlango haraka.

Irmgard hakuwahi kuufunga. Kila Alhamisi ya nne, saa tisa alasiri, kwa miaka kumi na tisa, Ottmar alikaa kwenye kiti cha katikati, akaweka kofia mapajani, na kumletea neno. Yeye akakivuta kile kiulimi cha nywele kulia na kushoto, kufunika pembe zote mbili, huku akisikiliza kwamba dirisha la Waingereza zamani lilikuwa jicho la upepo au kwamba rafiki na uhuru walizaliwa nyumba moja. Wakati mwingine alisikia neno redioni katikati ya wiki, akaliweka akiba. *Hili la Ottmar*, alijisemea. Akilini alimwita Ottmar. Mdomoni alikuwa Bwana Döbel.

Mwisho wa Septemba Ottmar alistaafu, na kofia, kwa kuwa ilikuwa mali ya posta, ikarudi posta. Alhamisi yake iliyofuata akaja kichwa wazi.

Siku hiyo draya nzima ilikuwa imekufa asubuhi. Chini ya lile trekta alikaa Bi Trautvetter yuleyule, sasa mjane wa miaka sitini na moja, vibiringisho kichwani, akisoma jarida na kukasirika kwamba hasikii watu wanasema nini.

Ottmar alikaa. Mikono yake haikuwa na kofia ya kushika, ikawa inazurura magotini.

"Bi Lippold," alisema akimtazama kwenye kioo, "leo nina jambo. Nimelifikiria wiki nzima. Ni kuhusu Geheimratsecken."

Ndivyo alivyosema. Ila draya ilimeza ge ya mwanzo na kuitafuna m ya katikati na n ya mwisho, na kilichofika nyuma ya kiti ni hairatseke. Pembe ya Ndoa.

Mkasi ukasimama hewani.

"Umeona?" Irmgard aliuliza.

"Nani hajaona? Mji mzima umeona."

"Mji mzima!" Alishika mgongo wa kiti. "Na wanasemaje?"

"Wanacheka. Waache wacheke. Leo asubuhi nilikuwa nakunywa kahawa, nikatazama, nikajiambia: Ottmar, unajificha nini tena? Una miaka sitini. Asiyekutaka hivi ulivyo, basi."

"Hakuna aliyesema hakutaki, Bwana Döbel."

"Wewe ni mwema. Ndiyo maana nikasema siendi kwa mwingine. Ni wewe tu."

"Mimi tu," Irmgard alirudia.

"Na nataka tulimalize leo leo."

"Leo!"

"Kabla sijaingiwa na woga. Kwani huchukua muda gani?"

"Mimi nilidhani... nilidhani watu huanza na kahawa."

"Kahawa nimeshakunywa nyumbani."

"Mnasema nini huko?" Bi Trautvetter alipiga kelele kutoka chini ya kofia yake. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bi Trautvetter!"

"Basi ongezeni sauti!"

Irmgard alimtazama yule mtu kwenye kioo. Kichwa alikijua kuliko chake mwenyewe: kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto, kizingo cha nywele kinachokataa chanuo, joto lake. Uso ndio hakuwa ameuangalia sawasawa. Ulikuwa unatetemeka kidogo kando ya mdomo. Aliweka mkasi mezani. Akajifuta mikono kwenye aproni, akaiweka yote miwili mabegani mwa Ottmar, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa ilikuwa inapita tu kukung'uta nywele.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, Ottmar."

Kwetu jina la kwanza halitolewi ovyo. Wapo majirani waliogawana ukuta miaka thelathini, wakazikiana wazazi, na bado wanaitana Bwana na Bi. Ottmar alisikia jina lake kwa sauti ile na likamwingia kama chai ya moto kwa mtu aliyetoka barafuni. Hakujua limetoka wapi wala anatakiwa alijibu nini. Na mtu asiyejua la kusema husema lile alilokuja nalo.

"Haya basi," alisema. "Nyoa zote."

"Ninyoe nini?"

"Hizi za mbele. Hiki kiulimi. Nimechoka kukivuta huku na huku kama blanketi fupi. Si nimekwambia, hizi Geheimratsecken."

Bi Trautvetter, kwa kiu ya habari, alikuwa ameshazima draya. Neno likatoka zima, na ge yake, na m yake, likasimama katikati ya saluni kama mgeni aliyekosea nyumba.

Irmgard aliondoa mikono. Wekundu ulimpanda kutoka kwenye kola mpaka kwenye mizizi ya nywele.

"Ah," alisema. "Kunyoa. Ndiyo. Kunyoa, ndiyo."

Akachukua mashine.

"Bi Lippold, nimekosea kitu?"

"Hapana. Inamisha kichwa."

"Ni kwamba ulisema..."

"Inamisha kichwa, Bwana Döbel."

Bi Trautvetter alichungulia kutoka chini ya kofia ya draya kama kobe. "Mwenzangu, miaka yote unanitengeneza nywele, hujawahi kuniambia *ndiyo, Hanni*."

"Hujakauka, Bi Trautvetter."

"Nimekauka."

"Hujakauka!"

Ottmar aliondoka na kichwa cheupe, laini, kizuri kwa kweli, kama yai la bata. Saa kumi kasorobo Irmgard aligeuza kibao cha mlangoni, akafunga, na wateja wawili walikuwa bado wanatazamiwa. Kesho yake alipiga simu gazetini akaomba tangazo lake liondolewe. Msichana wa kule alimuuliza kama ameshampata mtu. Irmgard alisema hapana, ni kochi tu limeshauzwa, akakata simu, na msichana akabaki hajui aandike nini.

Ottmar naye hakufika mbali. Kwenye kona ya bucha alisikia viatu vikimkimbilia. Alikuwa Bi Trautvetter, nusu ya kichwa ina vibiringisho na nusu haina.

"We Mshauri! Umenyolewa nywele, na akili nayo umeiacha sakafuni?"

"Bi Trautvetter, nimemkosea nini yule mama?"

"Miaka thelathini na saba unatusumbua na maneno. Leo mtu kakuambia neno moja fupi, hujaling'amua." Alihema, akashika ubavu. "Nenda nyumbani. Chukua gazeti la Jumamosi. Tafuta kochi."

"Ninalo kochi."

"Tafuta kochi, bwege wee! Chini kushoto!"

Magazeti ya Septemba alikuwa ameyapanga karibu na jiko kwa ajili ya kuwashia moto. Alilikuta tangazo katikati ya kochi la rangi ya zambarau na watoto sita wa mbwa. Alilisoma amesimama. Kwenye *masikio mazima* alicheka. Kwenye *nywele si lazima* aliacha kucheka, akakaa. Halafu akainuka, akafungulia bomba la maji mpaka mwisho, na akayasema maneno yote mawili, lile la gazeti na lile la kipara chake, kwa sauti mbele ya sinki linalonguruma, moja baada ya jingine, mara nne. Hapo ndipo akaelewa alichoambiwa, na mwanamke yule alikuwa ameweka nini mabegani mwake, na yeye alikuwa amemjibu *nyoa zote*.

Mtu huyu alikuwa amebeba barua za watu maisha yake yote. Zake mwenyewe hazikuwahi kuvuka kadi za siku ya kuzaliwa. Ijumaa aliandika barua akaichana. Jumamosi akachana tatu. Alichokiogopa hakikuwa kuchekwa, hilo alilizoea. Aliogopa kwamba akikosea tena, Irmgard hatamwaibisha, atanyamaza tu, kwa heshima, kila Alhamisi ya nne, mpaka mwisho. Au hata Alhamisi hazitakuwepo.

Jumatatu, siku ambayo saluni zote za nchi hii hufungwa, alibonyeza kengele. Dirisha la juu likafunguka.

"Tumefunga, Bwana Döbel."

Bwana Döbel amerudi, aliwaza Ottmar. "Najua. Nimeleta barua."

"Umestaafu."

"Hii nimeibakiza."

Kisha hatua za ngazini, na mlango ukafunguka upana wa bahasha. Aliipitisha. Irmgard aliisoma palepale, miwani imemteleza puani. Ilisema hivi:

*Bi Lippold mpendwa. Alhamisi hukusikia vibaya. Ni mimi niliyesema nusu. Nimetazama kitabuni. Neno geheim limetoka kwenye nyumba, Heim. Kabla halijawa siri, lilikuwa jambo la nyumbani, lile wanalolijua wanaokaa pamoja tu. Na Rat, kabla halijawa mshauri, lilikuwa akiba ya nyumba: unga, kuni, sufuria. Na Heirat, ndoa, mwanzoni maana yake ilikuwa kuitunza nyumba. Kwa hiyo maneno haya mawili yalikula akiba ya nyumba moja, na draya yako imeyarudisha kwao. Mimi sijawahi kumshauri mtu kwa siri. Siri niliyo nayo ni moja. Kila Alhamisi ya nne nilikuwa nakuja kwako polepole makusudi, kwa sababu kama ningewahi kufika, ningewahi kuondoka. Najibu tangazo lako. Masikio yangu nayo ni mazima, ila siku ile yalilala. Ottmar Döbel.*

Aliisoma mara mbili. Mlango haukufunguka zaidi, wala haukufungwa.

"Umekuja kwa huruma?" aliuliza.

"Huruma ningeituma kwa posta."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Nijibu kitu kimoja. Draya ile nyingine isingekufa, ungesikika vizuri, ungenyolewa, ungekwenda zako. Ungeniuliza siku yoyote?"

Ottmar alifikiri. Watu wa maneno wana ubaya huu, hawawezi kuyadanganya. "Nisingeuliza."

"Kamwe?"

"Ningekuja kila Alhamisi ya nne mpaka mmoja wetu afe."

"Hiyo ni habari mbaya sana, Bwana Döbel."

"Ni mbaya. Lakini ni kweli."

"Basi uliza sasa. Kwa mdomo. Barua hata mtu wa pikipiki ameniletea."

Na hapo mtu aliyejua kila neno lilikozaliwa hakupata hata moja. Lori la bia likapita. Mbwa wa bucha akaja, akamnusa kiatu, akaondoka. Irmgard alisubiri, mkono kwenye kitasa.

"Naomba nije kula na wewe," Ottmar alisema mwishowe.

Irmgard aliegemea fremu ya mlango.

"Sijui," alisema taratibu. "Alhamisi nilijua. Alhamisi nilijua kabisa. Leo naogopa, kwa sababu leo ni kweli." Alikunja barua, akaitia mfukoni mwa aproni. "Njoo Jumapili, saa sita. Nikuone ukiwa kwenye kiti. Nitajua."

"Kiti gani?"

"Kisicho cha saluni."

Jumapili alifika saa sita kasoro dakika nne, na zile nne akazimaliza amesimama barabarani, mbele ya Bi Trautvetter aliyekuwa amejaa dirishani kwake ng'ambo kama picha kwenye fremu. Shati lilikuwa limepigwa pasi mpaka linalia. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye maneno kumi na moja na asili zake, ili mazungumzo yasikauke.

Irmgard alileta madonge sita, nyama, na kabichi nyekundu. Ottmar alikaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyekikalia kwa muda mrefu. Kikatoa mlio kidogo, naye akakiomba radhi. Alitoa karatasi yake, akajikohoza.

"Neno donge," alianza, "asili yake..."

"Ottmar," alisema Irmgard. "Kula kwanza."

Akala. Karatasi ikaloa mchuzi na hakuna aliyeiokoa. Alipokula donge la tatu aligundua kwamba kwa nusu saa alikuwa akisimulia habari za mama yake: jinsi mama alivyokosoa mashati yake huku amebebwa mgongoni, kola yako imechafuka, Ottmar, kutoka juu hadi chini ya ngazi. Irmgard akasimulia habari za Heinz na redio. Akalia kidogo, akajifuta, akasema kabichi ina siki nyingi. Ottmar akasema haina. Irmgard akasema yeye ndiye aliyepika. Ottmar akasema ndiyo maana hawezi kuwa hakimu. Wakabishana juu ya siki mpaka mchuzi ukapoa.

Kisha Ottmar, bila kuombwa, akakusanya vyombo na kwenda navyo jikoni.

Irmgard alinyanyuka nusu ili amsaidie, akakaa tena. Aliweka mikono yote miwili juu ya kitambaa cha meza na kusikiliza. Mtu alikuwa jikoni kwake. Mtu huyo alifungulia maji mengi mno, akagonganisha sufuria na sufuria, akaangusha kijiko, akakisemesha kijiko, akakipata. Sahani mbili tu, na kelele kama za jiko la harusi.

"Bi Li... Irmgard!" sauti iliita kutoka huko. "Hizi za bluu zinakaa wapi?"

"Kabati la kushoto."

"Kushoto kwangu au kushoto kwako?"

"Kushoto ni kushoto, Ottmar!" alifoka, kwa nguvu zake zote, mpaka Bi Trautvetter ng'ambo ya barabara akafungua dirisha.

Ilikuwa zaidi ya miaka minne na nusu tangu mtu apaze sauti katika nyumba ile. Irmgard alijifunika mdomo kwa kiganja, akasikiliza jikoni. Kabati lilifunguliwa. Lilikuwa la kulia.